Wifi Yangu Alimrudisha Mtoto Kituoni, Sasa Anataka Mimi Ndiye Nimuombe Radhi

Admin, salamu. Ficha jina langu na la mtoto. La wifi yangu hata ukisahau kulificha sitakulaumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, naishi Zinga, kazi yangu ni kusuka nywele. Jumapili mchana nafunga saluni naenda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto huku Bagamoyo. Nimejitolea kuwa rafiki wa mtoto. Kila anayejitolea anapewa mtoto mmoja. Unamtembelea, mnacheza, unamsaidia kazi za shule, unamsikiliza. Basi. Mimi nilipewa binti wa miaka tisa, nimwite Rehema, kwao Fukayosi. Bibi aliyekuwa anamlea alifariki na ndugu wengine hawakumtaka. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniambia neno zaidi ya shikamoo na ndiyo. Tulianza kuzoeana kwenye mdako, ule mchezo wa kurusha kokoto. Ananifunga kila tukicheza, na hapo ndipo utamsikia akicheka kwa sauti.

Sasa wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Dar, mume wake ana uwezo, watoto hawakujaliwa. Kwa hilo simcheki, hilo ni la Mungu. Ninachomdharau ni kingine. Huyu ni mtu ambaye hawezi kumpa maskini sahani ya wali bila kumpiga picha maskini na wali wake. Siku moja aliomba twende wote kituoni. Alimpenda Rehema palepale, kwa jinsi watu wanavyopenda pazia dukani. Akapeleka magodoro na mchele, akafuata taratibu za ustawi wa jamii, akaruhusiwa kukaa naye likizo ya mwezi wa sita, wakizoeana amchukue moja kwa moja. Sisi tunaojitolea jambo la kwanza tunaloambiwa ni kwamba usimuahidi mtoto usichoweza kukitimiza. Yeye siku ya kwanza tu alimwambia, "Kuanzia leo niite mama." Chumba kikapakwa rangi ya waridi, picha zikajaa kwenye status: binti yangu, zawadi yangu, Alhamdulillah.

Likizo haikuisha. Dereva alimrudisha Rehema na begi lake. Wifi hakuja hata kumsindikiza. Nikampigia simu.

"Wifi, yule mtoto amenishinda," akasema. "Anakojoa kitandani, godoro jipya lile. Halafu anaficha mikate chini ya mto, kama vile nyumbani kwangu kuna njaa."

"Na mtoto mwenyewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia akasalimie wenzake, nitamfuata."

Aliyasema hayo huku namsikia anatafuna kitu.

Kwa hiyo Rehema akasubiri. Kila Jumapili swali lilikuwa lilelile: "Anti, mama kasema anakuja lini?" Namjibu sijaambiwa. Wifi angekuja lini, wakati hata jina la mtoto alikuwa halitaji tena kwenye simu.

Mwezi uliopita akanitafuta mwenyewe. Wamehamia nyumba mpya, wanasoma maulidi, amemshonea Rehema gauni la sare na lake. "Niletee, wageni wanamuulizia binti yangu." Kumbe watu wake hakuwahi kuwaambia. Muda wote huo alikuwa anarusha picha za zamani na kupokea pongezi.

"Baada ya maulidi atalala wapi?" nikamuuliza.

"Si utarudi naye. Gari lipo."

Nilikataa. Akanipita, akampigia mama mlezi wa kituo, naye akamwambia mtoto kwamba mama anamtaka. Siku ya maulidi nilipopita kituoni nikamkuta Rehema amefunga nguo zake zote, kandambili amempa rafiki yake, wenzake ameshawaaga. Nilimkalisha chini nikamwambia, "Mwanangu, ni sherehe tu. Jioni unarudi hapa."

Akanitazama. "Na kesho?"

"Na kesho utakuwa hapa."

"Basi siendi," akasema, akainuka kwenda kumuomba mwenzake kandambili zake.

Kwenye maulidi nikaenda peke yangu, mume wangu alikuwa ameshatangulia. Upande wa wanawake umejaa, mama mmoja akauliza binti yuko wapi. Wifi, ndani ya ile sare yake ya mtu mmoja, akajibu, "Ana homa, maskini."

Nikasema, "Hana homa. Yuko kituoni, ulikomrudisha tangu mwezi wa sita."

Ya godoro sikuyasema, hayo ni ya mtoto. Wanawake wengine wakajifanya wanatafuta viatu vyao.

Tangu hapo mimi ndiye mbaya. Mume wangu anasema dada yake ndiye aliyemsomesha, sikupaswa kumwaibisha mbele za watu. Wifi amemwambia mama mlezi kwamba nampandikiza mtoto chuki. Mama mlezi akaniita: "Dada, nakuelewa. Lakini mchele wanaokula hawa watoto unatoka kwake. Kaa kwanza nyumbani mpaka myamalize." Ustawi wa jamii nako nilienda, nikaambiwa mtoto alirudishwa kwa utaratibu, na nani amtembelee ni uamuzi wa kituo. Wifi naye ana sharti lake. Nimuombe radhi mbele ya wanawake walewale, niseme nilidanganya, kwamba mtoto ni wake na yuko kituoni kwa ajili ya shule tu. Nikisema hivyo, naruhusiwa kurudi kwa Rehema.

Ndugu zangu, huyu mtu simheshimu hata kidogo. Kupiga magoti mbele yake na kusema uongo ili aendelee kupongezwa, sioni nitaanzaje. Lakini mpishi wa kituo ameniambia Rehema haulizi tena habari za mama. Sasa anauliza habari zangu, na anajibiwa kwamba nitakuja.

Nishike lipi? Niseme ule uongo nimwone mtoto, au nibaki na ukweli wangu, naye anihesabu pamoja na wale waliomwambia watarudi wakapotea? Nishaurini, hasa ninyi mliokulia vituoni.