Diski Nyembamba za Mzee Mbaluka

Kwa miaka kumi na saba Syokau aliuza vipuri vya magari mjini Wote, na miaka yote hiyo alikuwa na sharti moja: leta ya zamani. Ukitaka diski ya breki, leta iliyochakaa. Ukitaka habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, leta iliyovunjika. Angeipima unene na upana, apime tundu la katikati, ahesabu matundu ya bolti, kisha ndipo apande ngazi kwenda kwenye rafu. Wateja waliomwita mwaitu, yaani mama, walimnung'unikia. "Mwaitu, hii si hospitali, uza tu." Naye hakuuza. Aliyajua magari ya huku. Gari hutoka kiwandani na miguu yake, lakini likishagonga punda mara mbili na kulala gereji miezi sita, hurudi barabarani na miguu ya gari jingine, na logbook yake, ile hati ya usajili, haisemi neno.

Sharti hilo alilivunja mara moja tu, kwa ajili ya Mzee Mbaluka.

Mzee huyu alikuwa shemasi wa kanisa lao, na ndiye aliyemfundisha Syokau shule ya Jumapili alipokuwa na miaka saba. Alikuja dukani Alhamisi amevaa koti, akalaza nakala ya logbook juu ya kaunta. Pikapu yake ya mwaka themanini na nane ilitaka diski mbili za mbele na habu zake.

"Za zamani ziko wapi, Mwalimu?"

"Habu zimeenda na mnunuzi wa vyuma chakavu. Diski moja ilipasuka, fundi akaitupa. Ile nyingine nimeipa kanisa la pale chini ya mlima, iwe kengele. Sasa unataka nikaishushe kengele ya Bwana niilete sokoni uipime?"

Wateja waliokuwa nyuma yake walicheka. Syokau naye akacheka, huku uso ukimwaka moto. Angemjibu nini mtu aliyemshikia kidole juu ya Zaburi mpaka akajua kusoma? Aliisoma logbook, akateremsha diski nyembamba za mwaka ule na habu zake, akazifunga kwa gazeti.

Jumamosi, saa saba mchana, Jonah aliingia kununua grisi. Jonah alikuwa fundi aliyerudi Wote baada ya kufanya kazi Kitui miaka mingi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nimempita Mbaluka asubuhi akipanda mlima wa Mbooni, anaenda mkutano wa kanisa Kikima," alisema. "Amebeba kina mama wa kwaya nyuma ya pikapu, wamebanana kama magunia ya ndengu. Wanaimba wakienda juu. Wakati wa kushuka wataomba."

"Mbona unamcheka mzee wa watu?"

"Simcheki yeye, nacheka gari. Hiyo pikapu haina miguu yake. Kabla mzee hajainunua iligonga ng'ombe karibu na Zombe, ikaletwa gereji tulikokuwa Kitui. Tuling'oa miguu yote ya mbele, tukaweka ya gari la mwaka tisini na saba. Breki kubwa, diski nene zile zenye njia ya hewa katikati."

Mkebe wa grisi ulikuwa mkononi mwa Syokau. Aliuweka chini polepole, kana kwamba ungeweza kulipuka.

"Una hakika, Jonah?"

"Nilizifunga mimi."

Syokau alimpigia simu Kimeu, fundi aliyeifungia pikapu ile diski mpya siku ya Ijumaa.

"Ziliingia?" aliuliza.

"Ziliingia, mwaitu. Beringi zilikubali. Diski zilikuwa zimekaa ndani kidogo, nikapanga washa za chuma zizisogeze. Pedi zilikuwa mbali na diski, nikapampu pedeli mpaka zikashika. Ziko sawa kabisa."

Syokau alikata simu. Laiti zingekataa! Kipuri kinachokataa hurudi dukani siku hiyohiyo na matusi juu yake, na mambo huishia hapo. Lakini mafundi wa huku hawajui kurudisha kitu. Wataweka washa, watachonga, watagonga nyundo, mpaka kiingie. Na sasa ndani ya magurudumu yale pistoni, vile vidole vya chuma vinavyosukuma pedi ziibane diski, vilikuwa vimejinyoosha mno kuifikia diski nyembamba. Kila breki ilivitoa nje zaidi. Siku kingechomoka kimoja, mafuta ya breki yangemwagika yote, na mguu wa Mbaluka ungekanyaga hewa.

Alimpigia Mbaluka. Simu ilikuwa imezimwa. Shemasi huyo huizima tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho. Alimpigia Syombua, kiongozi wa kwaya. Iliita mpaka ikakatika. Aliipiga mara sita.

"Mkutano wa Kikima unaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa, nilisikia," Jonah alisema. Hakuwa akicheka tena.

Kwenye rafu kulikuwa na diski nene za aina mbili zilizofanana kama mapacha, moja pana kuliko nyingine kwa unene wa kidole. Alizibeba zote, pamoja na habu zake, kipimo chake cha chuma na chupa ya mafuta ya breki, akavitia ndani ya gunia. Jonah alifunga vifaa vyake kwenye pikipiki. Walikuwa wameshaiacha lami ya mjini Syokau alipokumbuka kwamba hakufunga duka. Hakumwambia Jonah ageuke.

Kanisa la chini ya mlima lilikuwa tupu. Diski ilining'inia kwenye nguzo ya chuma nje ya mlango. Njia nzima Syokau alikuwa ameomba Jonah awe amekosea, awe ameichanganya na pikapu nyingine. Alipanda juu ya kiti kilichokuwa mlangoni, akaishika ile diski, na vidole vyake vikaingia kwenye zile njia za hewa katikati ya chuma. Hakuhitaji kipimo ili kujua. Hata hivyo alipima, kwa sababu hangekosea mara ya pili. Pamoja na kuchakaa kwake, ilikuwa na unene wa milimita ishirini. Alizomuuzia Mbaluka zilikuwa na kumi na mbili. Alipima upana na tundu la katikati, akatenga zile pana kati ya diski alizobeba. Alipoiachilia ile ya kengele, iligonga nguzo na kulia. Sauti hiyo ilimfanya ashuke kitini haraka.

Mlima ulianza. Kila gari lililoshuka alilikodolea macho mpaka aone si pikapu nyeupe ya Mbaluka. Kwenye kona moja, mahali ambapo ukingo wa barabara umeliwa na mvua na bonde linaonekana hadi chini, watu walikuwa wamekusanyika wakiinama. Syokau alifumba macho.

"Ni parachichi," Jonah alisema kwa sauti nzito. "Wananunua parachichi tu."

Walipofika Kikima, pikapu ilikuwa imeshageuzwa kuelekea mteremko, injini ikinguruma. Kina mama kumi na mmoja walikuwa nyuma na sare zao za kijani. Syokau aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaenda kusimama mbele ya taa za gari.

"Syokau?" Mbaluka alitoa kichwa dirishani. "Kuna msiba?"

"Zima gari, Mwalimu. Diski nilizokuuzia si za gari hili."

"Zinashika vizuri. Nimepanda nazo."

"Kupanda hukuzihitaji. Pedeli ikoje?"

Mzee aliikanyaga. "Inaenda chini. Nakanyaga mara mbili. Kimeu alisema breki mpya huwa hivyo."

"Amefuata biashara mpaka huku," mama mmoja alisema nyuma. "Ameona shemasi ana gari, atamuuzia mpaka viti." Wengine wakacheka.

"Mimi ndiye niliyekosea," Syokau alisema, na sauti yake ikapanda bila yeye kutaka. "Si Kimeu, si mzee. Niliuza bila kupima. Fungueni gurudumu moja tu. Likiwa sawa, mtanicheka mpaka mjini Wote."

Mbaluka alizima injini.

Jonah aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la kushoto. Upande wake wa ndani ulikuwa umelowa. Pistoni ilikuwa imetokeza, imelala upande, na mafuta yalidondoka tone moja baada ya jingine juu ya vumbi. Mbaluka alichuchumaa, akagusa kwa kidole, akanusa.

"Ningefika wapi?" aliuliza.

"Kona ya pili," Jonah alisema. "Ya tatu, kama Mungu yuko."

Hakuna aliyecheka. Kina mama waliteremka mmoja mmoja wakishikana mikono, wakaenda kusimama mbali na gari.

Kazi ilichukua muda mrefu. Jonah alisukuma pistoni ndani, akakagua mipira yake, akafunga habu na diski nene pande zote mbili, akatoa hewa kwenye mabomba huku Mbaluka akipampu pedeli. Syokau alipima kila kitu kabla hakijafungwa, na kila kilichofungwa akakipima tena. Jonah alipopangusa mikono na kusema gari liko tayari, kina mama hawakusogea.

"Mimi sipandi," Syombua alisema. "Hata zile za kwanza zilikuwa mpya. Aliyeuza atangulie na gari. Sisi tutashuka kwa miguu. Tukiwakuta chini, tutapanda."

Watu wote walimtazama Syokau. Alitamani kusema kwamba atarudi na Jonah kwa pikipiki, kwamba ana duka wazi. Alizunguka, akafungua mlango, akaketi kando ya mwalimu wake.

Gari lilianza kuteremka. Mbele, barabara ilipinda na kupotea, na zaidi ya hapo palikuwa na mawingu tu. Syokau alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Kanyaga," alisema.

Mbaluka alikanyaga. Gari lilisimama papo hapo.

"Tena."

Zilipita mita ishirini. Likasimama.

"Tena, Mwalimu."

"Mwanangu, inashika."

"Najua," Syokau alisema, macho yake hayajatoka kwenye kona. "Kanyaga tena."