Bi Kaza Arudi Kwenye Kiti Chake

Msusi huyu waliomwita Bi Kaza hawakumsingizia. Ukitoka mikononi mwake nyusi zimepanda juu, na kucheka huwezi mpaka keshokutwa. Ila nywele zilikaa, na wateja walirudi. Pombe hata harufu yake hakuitaka. Kwenye sherehe yeye ndiye aliyeshikishwa mikoba ya wanaokunywa.

Jumamosi moja, saluni imejaa, akageukia pembeni, akatapika damu na kuanguka. Hospitalini wakampitishia kamera kooni, wakakuta mishipa ya damu tumboni imevimba, mmoja umepasuka. Daktari akamweleza kwamba chanzo ni ini. Homa ya ini, ya kirusi alichokipata pengine utotoni, ilikuwa imelijaza makovu polepole, damu ikakosa pa kupita, ikajazana kwenye mishipa ya tumbo. Alipohitaji kuongezewa damu, ndugu walijitokeza, isipokuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa kwake bure na kufundishwa kusuka na yeye mwenyewe. Eti anaogopa sindano. Na masikio yale kayatoboa matundu chungu nzima!

Hilo angelimeza. Lakini mteja mmoja alikuja kumjulia hali, akajiumauma, mwisho akasema: wifi amekalia kiti chake, na kila anayeuliza anaambiwa kwamba ini haliharibiki hivihivi, Bi Kaza alikuwa mlevi wa chinichini.

Damu ilikuwa imesimama, ila mshipa ungeweza kupasuka tena wakati wowote, na safari hiyo huenda wasimuwahi. Daktari akamtoa hofu kwamba hawatampasua tumbo. Wangeingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, waufikishe kwenye ule uliovimba huku wakiutazama kwenye skrini, wajaze kiputo cha kuziba njia, kisha wamimine dawa ya kuugandisha. Angekuwa macho, na asijitikise. Wengine huuliza kama watapona. Yeye aliuliza kama Jumamosi ya wiki ya pili ataweza kukaa akasuka.

"Kufa sifi," alimwambia mumewe kabla ya kuingizwa ndani. "Nikifa, lile neno la dada yako litabaki kuwa kweli."

Mezani alilala kama gogo. Ganzi ilikuwa ya paja tu. Rohoni alikuwa anachemka. Nesi akamsifu kwa utulivu wake, maskini, hakujua kwamba mgonjwa alishafika saluni zamani, anachagua maneno.

Alitoka na plasta pajani, tarehe za kurudi kliniki, na agizo kwamba wote waliokaa naye nyumba moja wapimwe kile kirusi. Agizo hilo alilipokea kwa furaha ambayo daktari hakuielewa.

Jumamosi ikafika. Alipoingia, wifi aliinuka, kitana kikamponyoka. Bi Kaza akakikalia kiti chake, akavuta kigoda cha mteja, akamwonyesha wifi akae. Akaanza kumsuka. Alikaza kuliko alivyowahi kumkazia mtu, na kila msuko ulimburudisha moyo.

"Wifi," akasema, "mimi nilikuwa nakunywa nini?"

Wifi akajibu kwamba ulikuwa utani tu.

"Basi sikia. Ugonjwa wangu ni kirusi, kinakaa kwenye damu. Mimi na wewe tumekaa nyumba moja, na nyembe zangu ulikuwa unazichukua bila kuomba. Jumatatu tunakwenda ukapimwe. Wakikikuta kwako, hawa wateja niwaambie ulikuwa unakunywa nini?"

Wifi akaanza kulia, akasema alimsingizia, Bi Kaza hajawahi kunywa. Bi Kaza akamwomba arudie kwa sauti, maana mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inapiga kelele. Akarudia, mpaka aliyekaa mlangoni akasikia.

Jumatatu damu ya wifi ilikutwa safi. Bi Kaza akamshukuru Mungu, na kweli alishukuru, kisha akajikuta amenuna. Lakini nesi akaeleza kwamba kwa kuwa hana kirusi, inabidi achanjwe asije akakipata: sindano tatu, ya kwanza leo, nyingine baadaye. Wifi akageuka kuutazama mlango. Bi Kaza akamkamata, akamkunjia mkono wa blauzi taratibu mpaka begani, uso umemnawiri kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Samahani, nesi," akauliza, "ya nne hakuna?"