Trekta la Ekari Mbili

Shamba letu la Miono ni ekari mbili tu, tena minazi imesimama kila upande unaogeukia. Mke wangu alisema pawatila ingetutosha. Mimi, mstaafu mwenye akili zangu timamu, nikaona pawatila ni ya watu wa kutembea nyuma ya mashine kama wachunga mbuzi. Nilitaka kukaa juu.

Tukaenda Dar. Muuzaji wa matrekta akaniuliza, "Shikamoo mzee. Shamba lako ekari ngapi?"

"Marahaba. Ishirini," nikajibu. Mke wangu akageuka kutazama ukuta.

Siku trekta lilipofika, nilipanda mbele ya majirani waliokuja kunipa hongera, nikalima mstari mmoja. Mwisho wa shamba hapakuwa na nafasi ya kugeuza, nikageuzia ndani ya mihogo ya jirani. Mstari wa pili, vilevile.

Jirani yangu, mama mtu mzima, akanisubiri mpakani, mikono kiunoni. "Baba, kwangu umelima vizuri kuliko kwako. Kesho uje unipandie mihogo."

Nikaenda. Siku tatu niliinama na jembe la mkono nikifukia pingili za mihogo, na kila mke wangu alipopita aliniambia kwa adabu, "Pole na kazi, bwana shamba."