Hotuba za Katibu kwa Simu

Chama cha Vilima kilikuwa chama kidogo, tena kidogo kwelikweli: wanachama wake wote wangetosha harusi moja na pilau ikabaki. Lakini kilikuwa na msimamo. Ushuru wa soko upunguzwe, kila shamba lipate hatimiliki, na vijana wa Taita wabaki Taita. "Jenga kwenu!" ndiyo iliyokuwa salamu yao, na aliyeitunga ni katibu wao, Onesmus, fundi wa maneno. Mawakala waliokuja kuandikisha vijana kwenda Uarabuni aliwahi kuwatimua sokoni kwa ulimi tu.

Basi mwaka 2016 fundi huyo alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi mtaani Olaya, Riyadh. Duka lake lilikufa, maji yakazidi unga, naye akapanda ndege kimyakimya. Aliyejua ni mkewe Mirriam peke yake. Chama kiliambiwa amepata kazi Nairobi. Msimcheke, aibu ilimla kila siku, na ukatibu ndio heshima pekee aliyobakiwa nayo. Wangejua aliko, angeupoteza.

Kila Jumamosi alasiri alipiga simu, na mwenyekiti, Mzee Elijah, akaisogeza kwenye kipaza sauti katikati ya soko. Onesmus alijificha nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, akawahutubia watu wake.

Jumamosi moja alikuwa amepamba moto. "Ndugu zangu, anayewaambia maisha yako Uarabuni anawauza! Jenga..."

"Onesmus! Yalla, yalla! Wen ikama?"

Msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma yake, anataka kuona kibali chake cha kuishi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

Soko zima lilisikia. Ikama ni neno lililojulikana pale. Wazazi walilisikia kila watoto wao walipopiga simu kutoka Saudia. Njia ya mwongo ni fupi. Onesmus alitoa kadi, msimamizi akaitazama, akaenda zake. Simu ilikuwa bado hewani. Angeweza kuikata, na hakuikata.

"Niko Riyadh," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Nisameheni. Tafuteni katibu mwingine."

Alingoja matusi. Badala yake ilikuja sauti ya Mama Magdaline, muuza ndizi. "Mwanangu, unakula?"

"Nakula, mama." Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Haya. Basi nitafutie Terry wangu. Anafanya kazi ya nyumba hukohuko Riyadh. Mwezi mzima hashiki simu."

Nyuma yake walikuja wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtoto wake. Onesmus alifungua daftari la wageni alilokuwa nalo kwapani, akaandika majina kwenye kurasa za mwisho. Tangu afike Riyadh hakuwahi kujisikia karibu na kwao kama siku hiyo. Habari ya katibu mwingine hakuna aliyeigusa.

Mwishowe ilibaki sauti ya Mzee Elijah. Alikuwa amezima kipaza sauti, ananong'ona.

"Katibu."

"Naam, Mzee."

"Huyu Griffins wangu..."

"Si uliniambia yuko Mombasa?"

Mzee alikohoa, akakohoa tena.

"Yuko Jeddah, bandarini," alisema. "Andika."