Mama Mkwe Kwenye Bonde la Misambi

Bonde lenye maji chini ya kijiji cha Ngungu lilikuwa zamani shamba la maharagwe la mama mkwe wangu. Kijiji kilipokubaliana kuwaachia ndege sehemu ile, familia kadhaa zilitoa ardhi, na yake ilikuwa mojawapo. Mimi, mkwe niliyetoka upande wa Butembo, ndiye niliyeshinda kule na darubini nikitazama misambi, wale korongo wenye taji ya manjano. Asubuhi moja, siku ya soko, aliniambia huku akiangalia pembeni:

"Leo tunaenda wote. Nataka nione kitu niliachia shamba yangu."

Kwao mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwa kawaida mke wangu angekuwa katikati yetu, lakini alikuwa amejifungua juzi tu. Basi tukashuka wawili, yeye nyuma, mbali kiasi cha kurushiana maneno.

Tulichuchumaa ukingoni. Misambi wawili walitokeza kwenye matete wakiinua miguu taratibu, na nyuma yao kitu kidogo cha kahawia kikayumba. Niliweka darubini juu ya jiwe, nikasogea ili aichukue mwenyewe. Alitazama, akanuna.

"Kitoto sikioni. Majani inafunika."

Kabla sijajibu, alikuwa ameshakanyaga majani yaliyotanda juu ya maji kama mkeka.

"Mama, hapana! Hapo hakuna udongo!"

Alizama hadi magotini. Alipojaribu kuchomoa mguu mmoja, mwingine ukashuka zaidi, na tope likamfika kiunoni. Misambi wakaruka kwa kelele.

Nilikata fungu la matete nikamsogezea. Alivuta, yakakatika. Nikavua koti nikamrushia. Akashika mkono wa koti, ukachanika begani. Nikalala kifudifudi, nikatambaa huku maji baridi yakiniingia kifuani, mpaka nikamfikia.

"Usinishike," alisema. "Enda uite wamama."

"Wamama wote wako ku soko, Mama."

"Enda, nakuambia!"

Niliangalia kilima. Mpaka nipande, mpaka nimpate mtu, mpaka turudi… Tope lilikuwa limefika kifuani pake. Alikuwa akisali kwa Kihunde, lugha ya kwao. Niliogopa kumgusa kuliko nilivyoliogopa lile tope. Halafu nikamfikiria mke wangu kule nyumbani, mtoto mchanga mapajani, nami naingia mlangoni peke yangu.

"Utanilaani kisha, Mama. Sasa leta mikono."

Hakuleta. Nikampitishia yangu kwapani, nikavuta. Alipiga kelele, akanizaba kofi la matope usoni. Nikavuta tena, hakusogea. Nikavuta mpaka nikaona giza. Kisha mikono yake ikanikaba shingo, ghafla, kwa nguvu za mtu aliyeamua kuishi. Tope likamwachia kwa mlio mzito, tukajiburuta hadi nchi kavu.

Tulikaa tukihema, tumepeana migongo. Aliondoka kwanza, bila kugeuka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Akashika mdomo. Siku zilizofuata mama mkwe hakutoka jikoni nikiwa uani. Nilisikia kikohozi chake tu. Chakula kililetwa na jirani, na hata huyo jirani hakuniangalia machoni. Nilianza kuwaza jinsi ya kuwahamishia Butembo mke na mtoto.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mama mkwe alikata uwanja akanijia moja kwa moja. Watu wakageuka. Alinyoosha mkono. Nikasita, naye akauchukua wangu kwa nguvu, akaushikilia.

"Huyu hapana mukwe tena," aliwaambia wenzake. "Ni mutoto yangu. Mwenye iko na neno, aseme."

Dada yake mkubwa peke yake alisonya, akageuza uso, na hadi leo hapokei salamu yangu.