Kaburi la Mgeni Kibanjani

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapowasikia vijana wa hapa Nyarubungo wakishangilia vita vya watu kwenye simu zao kana kwamba ni mpira. Nikiikumbuka, hasira hunipanda hadi leo.

Nilikuwa kijana wa umri wako, na nchi yetu nayo ilikuwa changa. Redio ilikuwa imetuletea matusi kutoka ng'ambo ya mpaka, kisha habari za risasi, kisha za ng'ombe walioswagwa, mpaka adui akavuka na kuikalia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera. Hapa kijijini hakuna aliyewaka kama baba mkubwa, kaka yake baba. Kila asubuhi alikusanya watu uani kwake wasikilize redio, akiapa kwamba adui hatapata hata shubiri moja ya nchi hii. Tulimpigia makofi, na sioni kosa hapo. Tulikuwa tumevamiwa kweli.

Wakati huo baba alikuwa amempokea Ismaili, mkulima aliyekimbia kutoka kule mpakani na mama yake mzee. Tuliwapa jiko letu walale. Yule mama alikuwa amechoshwa na safari. Asubuhi moja hakuamka. Walikuwa Waislamu, kwa hiyo alitakiwa azikwe siku ile ile.

Sasa nikueleze, maana nyinyi mmezikuta hati za ardhi. Huku kwetu mtu alizikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba ya nyumbani, na kaburi ndilo lililosema shamba ni la nani. Mkigombea mpaka, wazee waliuliza tu babu yako amelala wapi. Ndiyo maana baba mkubwa alikuja mbio alipotuona tumeshika majembe. Kibanja tuliachiwa na babu, kilikuwa cha baba na baba mkubwa kwa pamoja, na baba mkubwa akakataa. Alisema kaburi halihami, kesho wajukuu wa marehemu watakuja kudai migomba.

Ismaili alimwamkia kwanza, kisha akasema taratibu, "Mzee, sitaki kibanja. Ninacho. Kimekaliwa tu."

Baba mkubwa akamwelekeza porini, kwenye fisi. Hapo ndipo bibi, mama yao, alipotoka ndani.

"Asubuhi umeapa hutoi hata shubiri," alimwambia mwanawe. "Huyu ni adui?"

"Mama, haya ni mambo ya ardhi."

"Na vita ni vya nini? Unataka vijana wakafe kwa ajili ya shamba lake kule, na hapa unamnyima mama yake pa kulala. Hiyo nchi unayoipenda haina watu?"

Akatuonyesha nafasi kando ya kaburi la babu, ambayo sote tulijua amejiwekea mwenyewe. "Mzikeni pale," alisema. "Mzee wangu atapata wa kuzungumza naye. Mimi alishanichoka."

Tukachimba. Waislamu wachache wa kijiji wakaja kumswalia. Baba mkubwa alirudi kwake akafungulia redio kwa sauti kubwa, nasi tukafukia kaburi huku nyimbo za vita zikitufikia kupitia migomba.

Vita viliisha, Ismaili akarudi kwao. Alikuwa akija kupalilia kaburi, na hakudai hata mkungu wa ndizi. Kila alipokuja alipitia kwanza kwa baba mkubwa kumpa shikamoo, na baba mkubwa aliitikia marahaba akiangalia chini.

Kwa hiyo, mwanangu, nchi ikivamiwa, ilinde, hilo sikukatazi. Lakini anayekuchochea umchukie mtu wa ng'ambo, mtazame kwanza anavyomtendea aliyekimbia vita hivyo hivyo. Kama hana nafasi kwa huyo, anaipenda sauti yake tu, wala hastahili damu yako. Wewe una moyo mzuri, nimekuona unavyowapisha watu kisimani. Usiache mtu yeyote aufunge.

Mungu akupe shamba la kulima kwa amani, na akujalie usiogope kumkaribisha mtu ndani yake.