Unga Alioupima Shangazi

Ndugu zangu, mimi ni Khatib. Mkiniona nimesimama kwa miguu yangu, mshukuruni Mungu pamoja nami, kisha mshukuruni shangazi yangu Bi Zuhura, yule pale anayejifanya hanisikii.

Nilikuwa mtu wa kazi. Huku ughaibuni nilisafisha mabehewa ya treni kule Tyseley, nikirudi mtaa wa Sparkbrook kwa shangazi nakula chapati sita bila aibu. Mgongo ulipoanza kuniuma, mwenzangu mmoja alinipa heroini, ule tunaouita unga, nivute. Maumivu yakaisha. Baada ya miezi michache mgongo ulikuwa umepona, ila mgonjwa sasa nilikuwa mimi mzima. Nisipovuta natapika, naharisha, mifupa inawaka moto.

Siku moja nikajikaza. "Shangazi, unga unaniua."

Maskini, yeye akaelewa ngano. "Kumbe! Ndiyo maana tumbo linakusumbua!" Chapati zikakoma, maandazi yakakoma. Wiki tatu akanilisha muhogo, na mimi kwa woga wangu nikala nikanyamaza.

Asubuhi moja nikavuta kutoka pakiti mpya, nikaanguka chooni. Binti wa shangazi, Salma, alivunja mlango akanikuta nakoroma, midomo imekuwa ya buluu. Wahudumu wa ambulensi wakanidunga sindano ya kuizima ile heroini. Hospitalini Salma akamwambia mama yake: "Mum, siyo flour ya chapati. Ni drugs."

Shangazi alilia, kisha akanishika sikio palepale kitandani. "Wiki tatu nazunguka Ladypool Road natafuta muhogo, nawe wanitazama tu?"

Niliporudi nyumbani, pakiti ile bado ilikuwa kwenye koti langu, na mwili wote ulikuwa unaililia. Nikamwambia shangazi. Akajitanda mtandio wake. "Nesi kasema kuna pahala wanapima unga huo. Twende sote."

Mpimaji alikuwa mama mpole. Alichota chembe akaiweka kwenye mashine, nyingine akaikoroga kwenye maji na kuchovya kijikaratasi. "Humu mna nitazini," alisema. "Ni dawa ya maabara, ina nguvu kuliko heroini. Kidogo tu inakuzima pumzi. Uniachie niiharibu?"

Nikaisukuma pakiti upande wa pili wa meza.

Haikuishia hapo. Nimetumia methadoni, dawa ya kliniki ya kushika nafasi ya heroini, kwa miezi mingi, na mara moja niliteleza, nikarudi nikaanza upya. Ndugu yangu unayetumia, usikae peke yako, na usiuamini unga kwa macho. Kapime. Kipimo hakiufanyi kuwa salama, lakini kinakupa nafasi ya kuwa hai kesho. Ukimwona mwenzio anakoroma na midomo ya buluu, ita ambulensi kwanza, lawama baadaye.

Ijumaa iliyopita niliingia jikoni, nikakuta chapati sita mezani, moto. Nikasita. Shangazi akanisogezea sahani.

"Kula, mwanangu. Unga huu nimeupima mwenyewe."